Mpe zamu yake: kulisha samaki mwindaji mwoga katika tangi la mchanganyiko

Nikiitwa kumtazama samaki mwindaji aliyekonda, ni nadra kukuta tangi lenye uhaba wa chakula. Nakuta danio na tetra, samaki wadogo wepesi, wameshiba hadi matumbo yametuna, funza wekundu waliowekwa kama chakula wametapakaa kwenye changarawe, maji yameanza kuingia ukungu, na nyuma ya gogo kajibanza Ctenopoma acutirostre, yule mwenye madoa ya chui, tumbo limebonyea na mgongo umechongoka. Mwenye tangi huwa na kauli ileile: "Kila siku namwekea, lakini hali." Mimi husita kuikubali. Mara nyingi samaki huyo yuko tayari kula, ila chakula hakimfikii. Kinachoelea kinaishia kwa danio, kinachozama kinalala kimya, na kwa samaki anayewinda kwa kuvizia, kitu kisichotikisika hakina tofauti na jiwe.

Ndiyo maana sishauri aongezewe. Ukimwaga zaidi unawanenepesha walioshiba na kuchafua maji. Anachokosa mwindaji mwoga ni zamu: saa yake, mahali pake, na dakika chache ambazo hakuna wa kumpokonya.

Mtazame anavyowinda utaelewa. Ctenopoma wa Bonde la Kongo, au Monocirrhus polyacanthus wa Amazoni anayejigeuza jani kavu, hamkimbizi mtu. Hukaa kama aliyelala, husogea taratibu kwa mapezi yanayopepea bila kuonekana, akishakaribia mdomo unafunguka na kuchomoza mbele ghafla, na maji yanavutwa ndani pamoja na windo. Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, lakini maandalizi yake ni marefu, na yanataka utulivu. Danio watatu wakikatiza mbele yake anaacha na kurudi nyuma. Akikatizwa mara kadhaa anajichimbia na hatoki tena siku hiyo.

Halafu kuna suala la saa. Wengi wa samaki hawa hupata uchangamfu jua linapozama. Samaki kisu mweusi wa Amerika Kusini, Apteronotus albifrons, na Gnathonemus petersii wa Afrika mwenye kidevu kirefu kama mkonga, hutoa umeme hafifu na kuhisi kwa ngozi jinsi umeme huo unavyopindwa na vitu vilivyo karibu. Hao hupata funza gizani bila kuwaona. Kuwawekea chakula adhuhuri chini ya taa kali ni kuwaandalia wengine.

Jioni ya kulisha naipanga hivi. Kwanza nawalisha wepesi, taa zikiwa bado zinawaka, upande mmoja wa tangi, kwa chakula kinachoelea. Nawapa cha kutosha, kwa sababu danio mwenye njaa hatalala. Kisha nazima taa ya tangi na kuacha mwanga hafifu wa chumbani, nasubiri nusu saa au zaidi mpaka waanze kutulia kwenye mimea. Hapo ndipo naingia upande wa pili na mrija mgumu wa plastiki unaofika chini, mpana kiasi cha kupitisha chakula bila kukwama. Chakula cha barafu nakiyeyusha mapema kwenye bakuli, nakisuuza na kumwaga majimaji yake, kwa kuwa majimaji hayo yanalisha mwani kuliko yanavyomlisha samaki. Nakishusha kwa mrija hadi mdomoni mwa pango. Kama mkondo wa pampu ni mkali nauzima kwa dakika chache ili chakula kisipeperuke. Washa tena mara wakimaliza: bakteria wa kwenye kichujio wanahitaji oksijeni, na kichujio kilichosahaulika usiku kucha kitakuletea tatizo kubwa kuliko samaki mmoja aliyekonda.

Usibadilishebadilishe mahali wala saa. Samaki hujifunza ratiba haraka kuliko watu wengi wanavyodhani. Baada ya muda utamkuta ameshasogea mlangoni mwa pango kabla hujaleta mrija, na wengine hufikia kuchukua chakula kwenye ncha ya kibano. Ila hata akikuzoea, usimpelekee mkono kwa ghafla kutoka juu. Kwa samaki, kinachoshuka kutoka juu ni ndege.

Kosa ninalolikuta kila mara ni la kumnyima maficho ili "azoee kuonekana". Matokeo yake ni kinyume. Samaki asiye na pa kukimbilia hukaa kwenye kona, rangi imefifia, hathubutu kusogea hata chakula kikipita puani. Mwongezee magogo, mapango na mimea inayoelea inayopunguza mwanga, utamwona zaidi. Wenzake nao wanachangia: kundi la samaki watulivu wanaoogelea katikati ya maji bila wasiwasi humwambia aliyejificha kwamba hakuna hatari. Ila nimesema watulivu. Danio na jamaa zake wanaogombania kila punje hawafai kazi hiyo.

Kazi ngumu zaidi ni kumfundisha kula kilichokufa, na hiyo sipendi ifanywe ndani ya tangi la mchanganyiko. Samaki mpya anakaa peke yake kwanza kwenye tangi la karantini. Huko ndiko unakoweza kuhesabu anachokula, na huko ndiko anakojifunza bila kushindana. Anza na vinavyotikisika: viluwiluwi vya mbu, artemia hai (vijidudu vya jamii ya kamba wa maji ya chumvi), uduvi wadogo, nyungunyungu. Nyungunyungu ni chakula bora sana kwa wawindaji wengi, mradi wametoka kwenye udongo usiopigwa dawa. Waache siku moja kwenye karatasi yenye unyevu watoe udongo tumboni, wasuuze, na kwa samaki mdogo wakate vipande. Kipande cha nyungunyungu huendelea kujinyonganyonga kwa muda, na kwa mvizia huo ni mwaliko tosha.

Akishakula kwa uhakika, changanya. Funza wekundu wa barafu pamoja na walio hai, kisha punguza walio hai polepole. Kipande cha kamba au cha samaki wa nyama nyeupe kishike kwa kibano kirefu na kukitikisa mbele yake, kidogo tu, kama kitu kinachojaribu kutoroka. Wengi hukosea kwa kukitikisa kwa nguvu mno na kumtisha. Akikataa, kitoe, ujaribu kesho. Samaki mzima mwenye mwili mzuri anaweza kukaa siku kadhaa bila kula asidhurike, na njaa kiasi humsaidia kubadili mawazo. Usimfanyie hivyo mdogo, wala aliyeingia kwako akiwa tayari amekonda. Huyo mpe anachotaka kwanza, mafunzo baadaye. Na huyo samaki jani wa Amazoni niliyemtaja, mimi simweki kabisa kwenye tangi la mchanganyiko. Wengi wao hung'ang'ania mawindo hai maisha yao yote, na tangi lake ni lake.

Sasa kuhusu kumrushia samaki wadogo hai. Najua inavutia kutazama. Lakini samaki wa bei nafuu wanaofugwa kwa msongamano ili wawe chakula hubeba vimelea, ukiwamo ugonjwa wa madoa meupe, na unauingiza moja kwa moja kwenye tangi lenye samaki wengine. Pili, samaki wa dhahabu na baadhi ya jamaa zake wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi kinachovunja vitamini B1. Mwindaji anayeishi kwa hao tu hupungukiwa na vitamini hiyo, na upungufu ukikolea hupoteza hamu ya kula na hata mwelekeo wa kuogelea. Nyama ya ng'ombe na kuku nayo iweke pembeni. Mafuta yake si ya aina ambayo mwili wa samaki umezoea kuyeyusha, na ini ndilo linaloumia. Funza wekundu peke yao pia hawatoshi. Badilisha: kamba leo, nyungunyungu keshokutwa, kipande cha samaki mweupe siku nyingine, na punje za kuzama zenye vitamini ukibahatika akazikubali.

Kuna wanaoniuliza kama kumlisha vizuri kutamzuia kula majirani. Hakutamzuia. Kipimo ni mdomo: anayeingia mdomoni ataliwa, leo au akishakua. Ctenopoma hufika sentimita 15 au zaidi, na mdomo wake ukichomoza ni mpana kuliko unavyoukadiria ukiwa umefungwa. Samaki wadogo kama neoni na gapi si majirani wake. Mtafutie samaki wenye mwili mnene, wasio na kasi kubwa, na wasiomchokoza.

Pantodon buchholzi, samaki kipepeo wa Afrika, ana shida ya kinyume. Yeye anaishi juu kabisa, anasikiliza mawimbi madogo ya mdudu aliyeanguka, na chakula kinachozama hakifuati. Mpe nyenje wadogo, panzi, nzi wasioruka, mmoja mmoja, juu ya maji yaliyotulia chini ya mimea inayoelea. Wepesi walishwe mbali naye wakati huohuo, kwa sababu nao hupanda juu. Na mfuniko wa tangi usiwe na mwanya, maana huyu anaruka.

Kiasi kinachofaa utakisoma kwenye tumbo. Liwe limejaa kiasi, si la mviringo kama la mjamzito wala lililobonyea. Mdogo ale kila siku kidogo kidogo, mzima kila baada ya siku mbili au tatu. Tumbo hubadilika ndani ya siku moja, lakini mgongo hausemi uongo: nyama ya nyuma ya kichwa ikipungua hadi ukingo ukatokeza, njaa hiyo ni ya muda mrefu. Kwa kuwa unalisha gizani, masalia hutayaona, kwa hiyo kila asubuhi chungulia kwa tochi na uvute kilichobaki mlangoni mwa pango. Kikioza ni amonia, kisha nitriti, zote sumu kwa samaki, na vyote viwili vinapaswa kusomeka sifuri ukipima. Samaki anayekaa kwenye maji yenye amonia naye hukataa kula, na hapo mtu huanza tena kumlaumu kwa uoga.

Umefanya yote haya kwa wiki kadhaa na bado amekonda? Mhamishie tangi la peke yake umtazame. Akila na kunenepa huko, majirani ndio tatizo, na mmoja kati yao lazima ahame. Akila vizuri huku akizidi kukonda, fikiria minyoo ya tumboni, hasa kama alivuliwa porini, kama wengi wa wawindaji hawa. Hapo anahitaji dawa ya minyoo inayofaa samaki, ikipimwa kwa ujazo wa maji ya tangi hilo la karantini, kabla hujabadilisha kitu kingine chochote kwenye mlo wake.