Mzigo hauendi chooni: kugeuza ghala kuwa nyumba

Watu wanaoniita kukagua ghala la zamani au duka lililofungwa kwa miaka huwa wameshalipenda kabla sijafika. Nawakuta wamesimama katikati ya ukumbi, wanatazama dari lililo mita nne juu yao, wananionyesha kwa mkono: hapa sebule, kule jiko, juu vyumba vya watoto. Mimi nauliza chemba ya maji taka iko wapi. Wapo waliowahi kuniona sina adabu.

Nimeufanya usanifu majengo kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo halikwepeki. Jengo la biashara lilijengwa kwa ajili ya mzigo, na mzigo hauendi chooni, haulali, hautafuti jua la asubuhi wala haukerwi na kelele za jirani. Ukitaka kujua jengo litakusumbua wapi, pitia yale yote ambayo mzigo haukuyahitaji. Nguvu linazo. Choo kinaweza kuwa kimoja tu, cha wafanyakazi, kwenye kona ya nyuma.

Bomba la choo la milimita 100 halilazwi bapa. Mimi hulipatia mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, ili maji na uchafu viende pamoja, kimoja kisikiache kingine njiani. Sasa piga hesabu. Katika moja ya miradi yangu ya mwanzo familia ilitaka chumba kikuu na bafu lake viwe ghorofani upande wa mbele, penye madirisha mazuri, wakati bomba la kushusha maji taka lilikuwa nyuma kabisa. Nilikubali. Umbali ulikuwa mita 14, kwa hiyo bomba lilishuka sentimita 35, na unene wake sentimita 10 nyingine. Nusu mita kasoro kidogo ya dari la sebule ikaliwa na sanduku la jipsamu lililokatiza ukumbi mzima, uleule ukumbi uliowafanya walinunue jengo. Mtu akivuta maji juu, walioketi chini husikia safari yote, toka mwanzo hadi mwisho. Zipo pampu ndogo zinazosaga uchafu na kuusukuma kwenye bomba jembamba, lakini zina kelele na bila umeme hazifanyi kazi. Tangu siku hiyo nachora maji taka kwanza, kuta baadaye.

Kinachofuata ni mwanga. Kwa kukadiria haraka, mwanga wa dirisha huingia ndani kwa manufaa umbali wa mara mbili, ukibahatika mara mbili na nusu, ya kimo kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha linaloishia mita 3 juu litakupa mita 6 hivi, 7 na nusu likijitahidi. Ghala lenye kina cha mita 18 na madirisha mbele na nyuma litabaki na mkanda wa giza katikati, na hakuna rangi nyeupe itakayouponya. Watu wengi huusogezea mkanda huo vyumba vya kulala, wakisema usiku ni giza vilevile. Sikubaliani nao. Hapo naweka ngazi, stoo, kabati za nguo, na bafu likiwa karibu na bomba lake na lina feni ya kutolea hewa. Pakibaki giza bado, natoboa paa.

Kutoboa ndiko kunakowatisha wenye nyumba, maana wamelipia kila mita ya mraba na hapa anatokea mtu anataka kuzitupa. Msanifu Ricardo Bofill alipokipata kiwanda cha saruji karibu na Barcelona mwaka 1973, akikitaka kiwe makazi na ofisi yake, kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa kubomoa. Kiwanda kilikuwa na silo, yaani minara ya kuhifadhia saruji, zaidi ya 30, zikabaki 8. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo. Ua wa ndani wa mita tatu kwa tatu, uliokatwa kati ya boriti na boriti, hubadilisha nyumba nzima. Nasisitiza, kati ya boriti na boriti. Boriti yenyewe haiguswi mpaka mhandisi wa miundo aseme, na aseme kwa maandishi.

Kwenye uzito jengo la biashara lina ukarimu. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, ya ghala huweza kufika 500 na zaidi. Vitanda na makochi havitaisumbua. Makosa huja na vitu vizito vilivyokusanyika mahali pamoja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, ambayo inaweza kukalia mita moja ya mraba tu, basi lisimamishe juu ya nguzo au ukuta unaobeba. Ukuta wa tofali za saruji wenye unene wa sentimita 15 na kimo cha mita 3.5 nao una zaidi ya tani moja kwa kila mita ya urefu wake, na fundi atakujengea popote utakapomwonyesha bila kuuliza chini kuna nini. Kugawa vyumba vya ghorofani natumia fremu nyepesi na mbao za jipsamu. Kama nondo zimeshika kutu na zege limeanza kumeguka chini ya slabu, hesabu zote hizo weka pembeni kwanza.

Kisha nauliza humu palikuwa panauzwa nini. Swali hili huonekana la umbea, lakini niliwahi kufanya kazi kwenye ghala ambalo kona moja ililowa kila msimu wa mvua. Tulikagua paa, halivuji. Tulikagua mabomba, hakuna bomba upande ule. Fundi akabandua lipu, akapiga mpya, na baada ya miezi kadhaa rangi ikavimba tena kama ngozi iliyoungua, ukiikwangua kwa kucha unapata unga mweupe. Mzee mmoja wa mtaa ule ndiye aliyetuambia kwamba kona ile palikuwa panapangwa magunia ya chumvi. Chumvi ilikuwa imeingia ukutani, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo ukuta ulikuwa unakunywa hewa ya masika. Tulibandua lipu yote mpaka kwenye jiwe, tukasugua kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha chumvi ndani), tukapiga lipu ya chokaa tukijua kwamba itachakaa na kubadilishwa. Ukuta wa mawe na chokaa usiufunge kwa lipu ya saruji. Unyevu hutafuta njia ya kutoka, na saruji ngumu huuziba ndani ukapanda juu zaidi.

Kama palikuwa gereji, zege la sakafu limekunywa oili. Utabandika vigae, na siku ya joto harufu itakusalimu. Kama palikuwa na tangi la mafuta chini ya ardhi, udongo upimwe na wataalamu kabla mtoto hajacheza pale. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizipige msasa mkavu. Mabati ya asbesto yaliyo mazima yasikatwe, yasitobolewe, vumbi lake lisifagiliwe. Hatari iko kwenye nyuzi zinazoruka yanapovunjika, na kuyashusha ni kazi ya watu wenye mafunzo na vifaa. Hapa sibanii hela ya mteja hata kidogo.

Umeme sina mengi. Ng'oa nyaya zote za zamani, weka kifaa cha kukata umeme unapovuja, ongeza soketi maradufu ya unavyodhani zitatosha. Kama jengo lina fezi tatu, yaani umeme wa nyaya tatu za moto unaobeba matumizi makubwa, usiirudishe kwa shirika la umeme.

Moto nautilia mkazo zaidi. Ghala lililindwa dhidi ya wezi, ndiyo maana lina mlango mmoja mkubwa wa shata na madirisha ya nondo. Usiku, watoto wakiwa ghorofani, ulinzi huohuo ni mtego. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita, na nondo zake zifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo.

Kibali cha kubadili matumizi ya jengo kitafute kabla ya kulipa, maana jengo likiwa lako bado si lazima uruhusiwe kulala humo. Wasanii wengi waliohamia kwenye maghala na viwanda vya jiji la New York waliishi kwa miaka bila ruhusa, hadi jimbo likatunga sheria mwaka 1982 ya kuwahalalisha waliokuwa wakiishi kwenye majengo ya namna hiyo jijini. Halmashauri yako haina sababu ya kukusubiri hivyo.

Siku hizi nina sharti jingine: mteja alale ndani ya jengo usiku mmoja kabla sijamaliza ramani. Hivi karibuni mume na mke walikuwa wameng'ang'ania vyumba vya kulala viwe mbele, kwa sababu ya madirisha yaleyale makubwa. Niliwaeleza habari ya bomba na mteremko, nikawachorea na sanduku la jipsamu litakavyokatiza sebule. Hawakutikisika. Wakabeba godoro na tochi, wakalala. Saa kumi alfajiri malori yakaanza kurudi nyuma kuelekea ghala la jirani, yakipiga honi zao za kurudi nyuma, na vijana wakishusha mzigo kwa makelele. Saa moja asubuhi mama akanipigia simu: "Fundi, vyumba virudi nyuma." Bafu likasogea hadi mita nne kutoka kwenye bomba la kushushia. Sentimita 10 za mteremko, zikajificha zote juu ya dari la stoo.