Pikapu kuukuu: kipi cha kuongeza, kipi cha kuacha

Dhana: Anza kwa kuiongezea injini nguvu.
Nguvu zaidi ni joto zaidi, na joto hilo linaishia kwenye rejeta ile ile iliyoziba kwa kutu. Gari likianza kuchemsha, gasketi ya silinda hedi haikai. Kabla hujanunua chochote, mwambie fundi apime kompresheni (nguvu ya kugandamiza hewa) ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko zingine, pesa za turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, zipeleke kwenye ringi na valvu. Rejeta nzima, thamostati, pampu ya maji na hozi mpya ndiyo maboresho ninayoyaweka mbele ya yote.

Dhana: Ukiongeza springi, umeongeza uzito wa kubeba.
Hii inanikera kuliko zote, kwa sababu inahatarisha maisha. Bati za springi zikiongezwa, gari haliinami tena nyuma, na dereva anaamini limeuweza mzigo. Kumbe ekseli, beringi, chesisi na breki ni zile zile, na kikomo alichoweka mtengenezaji kiko palepale. Springi zilizolala zibadilishwe, lakini kwa kufuata mzigo unaoubeba kweli. Zikiwa ngumu mno, gari tupu linarukaruka na tairi za nyuma zinapoteza mshiko.

Ukiwa chini ya gari, chukua nyundo ndogo ugonge chesisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga maganda ya kutu, na hapo kila mpango mwingine usubiri kwanza.

Dhana: Tairi kubwa huliimarisha gari.
Ukitoka tairi za kipimo cha 235/75R15 kwenda 265/75R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 734 hivi hadi 804, karibu asilimia 10. Spidomita ikisoma 100, wewe uko karibu 110. Gari linakuwa zito kuondoka, klachi inaisha mapema, breki zinapata kazi ya ziada. Bora tairi za kipimo cha kiwandani, za kubebea mzigo, na zisiwe za zamani: tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Dhana: Ekzosi pana inaleta nguvu.
Kwa injini ambayo haijaguswa, unachopata zaidi ni kelele.

Dhana: Breki zikishika, hazina shida.
Mafuta ya breki hunyonya unyevu yakiwa humo humo kwenye gari. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishaingiwa na maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ukiteremka mlima mrefu na mzigo, yanatoa mvuke na pedali inazama hadi chini. Yabadilishe yote kila baada ya miaka 2 hivi, na mipira ya breki iliyopasuka itolewe siku hiyo hiyo.