Sefti ya ajabu kwenye bunduki kuukuu
Wengi huamini kwamba bunduki ya zamani ya kuwindia ikiwa na sefti (kifaa cha kuizuia isipige) isiyo ya kawaida, basi ni toleo adimu la kiwandani. Huenda ikawa hivyo, ila mara nyingi sefti hiyo ilibadilishwa baadaye na fundi.

Chukua Mauser 98, bunduki ya Kijerumani. Sefti yake ya asili ni kibawa kilicho nyuma ya bolti, yaani kipande kinachovutwa ili kuingiza risasi. Kikilala kushoto, bunduki hupiga. Kikisimama wima haipigi, lakini bolti hufunguka. Kikilala kulia, bolti nayo hufungwa. Sasa darubini ya kulengea ikifungwa karibu na mtutu, kibawa huigonga na kushindwa kusimama. Ndiyo maana zikatengenezwa sefti fupi za kubadilishia.

Kabla ya kukagua, toa risasi zote na uitazame chemba (tundu linalokaa risasi) kwa macho yako. Kisha angalia matundu ya skrubu yaliyotobolewa kwa ajili ya darubini, na kama rangi ya chuma cha sefti inafanana na ya bolti. Namba za bolti zikilingana na za bunduki ni dalili njema, ingawa hazithibitishi sefti, maana hiyo huchomolewa peke yake. Katalogi ya zamani yenye michoro husaidia zaidi. Usiijaribu bunduki kwa risasi kabla fundi wa bunduki hajaipima: sefti iliyochakaa inaweza kufyatua risasi mara tu unapoiweka kwenye hali ya kupiga.