Bandari ya Tanga na takwimu: yasemwayo na yaliyo kweli

Tangu bandari ya Tanga ichimbwe kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na meli kubwa zianze kufunga gatini, mazungumzo ya bandari yamekuwa mengi vijiweni. Mengi yana ukweli. Haya hayana, na yanatugharimu.

"Kina kimepatikana, ucheleweshaji utaisha wenyewe."

Zamani meli ilitia nanga zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, shehena ikateremshwa kwenye matishari, yale majahazi bapa ya kubebea mizigo, kisha ikanyanyuliwa tena kuletwa nchi kavu. Mzigo mmoja, kazi mara mbili. Hilo limeondoka, na ni faraja kubwa. Lakini kina huingiza meli tu, hakiitoi. Meli ikikaa siku tatu, saa zile zimekwenda wapi? Ilingoja malori? Winchi iliharibika? Karatasi za forodha? Mvua? Pasipo kuandika saa ya kutia nanga, ya kufunga gatini, ya kunyanyua mzigo wa kwanza na wa mwisho, kila idara itamsukumia mwenzake lawama. Tutanunua kreni mpya, kumbe kilichokosekana ni malori.

Wastani nao hudanganya. Meli tisa zikimaliza kwa siku mbili na moja ikakaa siku kumi na mbili, wastani ni siku tatu, ilhali hakuna hata moja iliyokaa siku tatu. Ya kuchunguza ni ile moja.

"Takwimu ni mambo ya kompyuta."

Mvuvi wa Sahare, hapa Tanga, anayehesabu mwezi ili ajue bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, anatumia takwimu, na hana kompyuta. Kinachotangulia ni kuandika kweli. Nimewahi kushika karatasi ya zamu ya bandari moja: 2:00, 2:30, 4:00, 4:30. Kila tukio limeangukia saa kamili au nusu saa, wino uleule, mwandiko uleule hadi chini. Ilijazwa zamu ikiisha, kwa kukisia. Karatasi ya namna hiyo hakuna programu itakayoiokoa.

"Usalama unachelewesha kazi."

Januari 2007 meli ya makontena MSC Napoli ilipasuka ubavu kwa dhoruba kati ya Uingereza na Ufaransa. Baadaye yalipopimwa makontena 660 ya juu ya sitaha, 137 yalitofautiana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Tangu 1 Julai 2016 sheria za kimataifa zinataka uzito wa kontena uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini. Winchi haisomi karatasi, inabeba uzito uliopo. Na mpanga shehena mwenye uzito sahihi hapangui makontena mara ya pili, kwa hiyo usalama na kasi vinatoka kwenye mizani ileile.

"Meli ikikimbia, inawahi."

Gati likiwa limejaa, inawahi kungoja. Kupunguza mwendo kwa asilimia 10 hupunguza nguvu ya injini inayohitajika kwa takriban asilimia 27. Bandari inayojua gati litakuwa wazi lini imwambie nahodha mapema.

"Wanaandika ili wamkamate mfanyakazi."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana penye hofu hiyo habari hufichwa. Kontena limempita kuli shibiri moja, hakuumia, kila mtu anashukuru Mungu na kunyamaza. Kumbe tukio lile lina thamani kuliko ripoti nzima ya mwezi. Likiandikwa bila jina la mtu, pamoja na saa, gati na hali ya upepo, na mengine kama hayo yakiwekwa karibu yake, huenda ikaonekana kwamba mengi hutokea watu wanapobadilishana zamu. Basi kinachorekebishwa ni ratiba, na mshahara wa kuli haukatwi. Na anayeandika "waya wa winchi umechanika nyuzi tatu, saa 9:40 usiku" amempa fundi nafasi ya kuubadilisha kabla ya mzigo wa asubuhi.