Mawingu ya vuli yakianza kujengeka, moto kichaa bado haujaisha

Katika kazi yangu ya utabiri, hakuna kipindi kinachonipa wasiwasi kama hiki cha kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Novemba. Kusi inapungua nguvu, kaskazi haijashika, jua limekaribia utosi, na ukanda mvua, yaani eneo ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuleta mvua, unateremka kutoka kaskazini ya ikweta. Kanda ya Ziwa tayari inanguruma. Wakati huohuo miteremko ya Kilimanjaro na misitu ya Mufindi ina nyasi zilizokauka tangu kipupwe. Watu wakiona mawingu husema kiangazi kimekwisha. Mimi nasema hapo ndipo pa kuwa macho zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na Ziwa Victoria, kwa sababu lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara, na alasiri mawingu ya radi yakasimama juu ya milima ya Kisii, Kericho na Mara. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo kutoka pwani zote huelekea katikati ya maji. Hewa hiyo ikikutana haina pa kwenda ila juu, ikiwa imebeba unyevu. Kufikia alfajiri wingu linaweza kuwa na kimo cha kilomita 15, na pepo za mashariki hulisukuma kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, ng'ambo ya ziwa lilelile, haifikii hata nusu yake. Kwa mvuvi maana yake ni moja: anga safi saa mbili usiku si ahadi ya saa kumi alfajiri. Likitolewa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, nawasihi msilipime kwa kutazama juu jioni.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mvua za kwanza za vuli huanguka katika hewa kavu. Matone mengi huwa mvuke kabla ya kugusa ardhi, na mvuke huo huchukua joto la hewa inayouzunguka. Hewa hiyo hupoa, huwa nzito, huporomoka na kutawanyika ikifika chini, kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 60 kwa saa. Unaona vumbi, unasikia mabati yakigonga, na mvua yenyewe ni manyunyu ya dakika tano. Upepo huo ukikuta moto uliokuwa ukitambaa taratibu kuelekea mashariki, unaweza kuugeuza kusini kwa dakika chache, na waliokuwa wakiuzima kwa matawi ubavuni wakajikuta mbele yake. Kikosi kilichoko msituni kikisikia ngurumo, hata ya mbali, kihakikishe kwanza kina njia ya kutokea.

Radi yenyewe haiwashi moto mwingi hapa kwetu, maana kwa kawaida huja na mvua. Moto mwingi hutoka mikononi mwa watu: anayeandaa shamba kabla ya mvua, anayerina asali kwa mwenge, mchungaji anayetaka majani mapya, mpishi wa kambini. Na wingu la kwanza huwaharakisha wote. Mkulima anaona mvua inakuja, anachoma leo ili asichelewe, siku ileile ambayo upepo hautabiriki.

Kilimanjaro inaonyesha haya yote kwa uchungu. Oktoba 11, 2020 moto ulianza eneo la Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo. Oktoba 2022 ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga, kama mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wengi hushangaa mlima unawakaje ilhali mawingu yanaufunika kila siku. Jibu ni kwamba mawingu hayo hukaa kwenye ukanda wa msitu, na juu yake kuna tabaka la hewa ya joto linaloyazuia kupanda, kama kifuniko juu ya sufuria. Chini ya kifuniko miti inatiririka maji, juu yake hewa ni kavu kabisa, jua ni kali, na vichaka vya erika, mmea wa mlimani wenye vijani vyembamba unaoweza kukua hadi kuwa mti, vina mafuta yanayoshika moto haraka. Mchana upepo hupanda mlima na moto hupanda nao.

Hasara hapo haiishii kwenye majani. Miti ya erika hukamata maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini, nayo hulisha chemchemi. Tafiti za mlimani zimeonyesha kwamba maji yanayopotea kwa kuungua miti hii ni mengi kuliko yale yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Tunaililia barafu, na ni haki, lakini mwenye mfereji wa Uchagani angelilia erika kwanza.

Nyanda za Juu Kusini hazina vuli. Sao Hill, msitu wa kupandwa wa Mufindi wenye misonobari na mikaratusi, husubiri mvua za msimu zinazoanza Novemba na pengine kuchelewa hadi Desemba. Barabara za kukinga moto zilizofyekwa Juni huwa zimeshaota tena au kujaa majani makavu, kwa hiyo zikaguliwe upya Oktoba.

Ninapopima hatari ya siku, naangalia unyevu wa hewa kwanza. Ukishuka chini ya asilimia 30 alasiri, kukiwa na upepo na wiki kadhaa bila mvua ya maana, sichelewi kutoa neno. Mvua moja ya milimita 5 hainiondolei hofu, kwani nyasi hukauka tena kwa siku moja ya jua.

Kuhusu radi, hesabu sekunde tangu umeme umulike hadi ngurumo isikike, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Gari lenye paa la chuma linafaa. Mti haufai, na kibanda cha bati kisicho na nyaya za kupeleka umeme ardhini hakifai pia. Juni 2011 huko Runyanya, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wakiwa shuleni. Kila mkuu wa shule ya Geita, Kagera na Mara aulize wiki hii kama paa lake lina kinga ya radi, na kama waya wake bado umefika ardhini.