Hedifoni za mfupa nazo zinaweza kuharibu usikivu

Wengi huamini kwamba hedifoni za kupitisha sauti mfupani, zile zinazoacha tundu la sikio wazi, haziwezi kuumiza masikio kwa kuwa hazipitii ngoma ya sikio. Si kweli. Mtetemo wa shavuni huishia kwenye koklea, sehemu ileile ya sikio la ndani inayopokea sauti ya kawaida. Kinachokufa kwa kelele ni chembe zenye vinywele zilizomo humo, na zikishakufa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, saa 4 tu.

Hatari kubwa iko barabarani. Sikio likiwa wazi, honi na injini za bodaboda huufunika muziki, nawe unapandisha sauti bila kutambua. Basi rekebisha sauti ukiwa mahali patulivu, na ukifika kwenye kelele usiiongeze. Kama unasikiliza mazungumzo tu na huyapati, simamisha uyasikilize baadaye.

Unaponunua, vaa kwanza. Pedi ikae juu ya mfupa, mbele kidogo ya sikio. Ikilegea, besi hupotea na utashawishika kuongeza sauti. Kimbia hatua chache papo hapo, geuza shingo, uone kama utepe wa nyuma unagonga kola. Mwenye miwani aje nayo, maana vyote viwili hugombea nafasi nyuma ya sikio. Na jasho lifute kabla ya kuchaji: chumvi yake hula sehemu za chuma za kuchajia.