Baipola si hisia zinazogeuka kila saa
Wengi hudhani kwamba mwenye baipola, ugonjwa wa akili wenye vipindi vya msisimko uliopindukia na vya sonona, yaani huzuni nzito, hucheka asubuhi na kulia adhuhuri. Sivyo. Kipindi cha msisimko uliopindukia kwa kawaida hudumu wiki nzima au zaidi, na kile cha sonona angalau wiki 2, na baina yake mgonjwa aweza kukaa miezi mingi akiwa mtulivu. Mwimbaji wa Marekani Mariah Carey, aliyetangaza mwaka 2018 kuwa aligunduliwa na baipola ya aina ya pili mwaka 2001, alisema kwa muda mrefu alidhani ana tatizo la usingizi tu. Nami namwelewa, kwani katika aina hiyo msisimko huwa wa kadiri, na watazamaji huuona kama bidii ya kazi.